Binti Anamuogopa Nani Zaidi? Mazungumzo kuhusu Dhuluma katika Mapenzi ya Vijana

(Nakala ya mazungumzo na wazazi, walimu wa madrasa na vijana, Mombasa)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Mashekhe na maustadh wetu, mama zetu, baba zetu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mwataka kutoroka. Karibuni, sogeeni mbele, leo hatumfukuzi mtu.

Najua mada ya leo imewashangaza baadhi yenu. Wako waliouliza: harakati ya kutetea haki za Waislamu ina kazi gani na mapenzi ya watoto wa shule? Tumezoea kuwasikia mkizungumzia vitambulisho, mashamba, vijana waliochukuliwa usiku na mpaka leo hawajulikani waliko. Leo mwatuletea mambo ya maboifrendi?

Wacha nianze hapo hapo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 29, yasema kila mtu ana haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au umetoka kwa mtu binafsi. Hiyo nusu ya kwanza, ya serikali, mwatusikia tukiipigia kelele kila siku. Leo ni zamu ya nusu ya pili. Kijana anayepigwa na askari ndani ya seli ana haki yake. Msichana anayepigwa kofi na mpenzi wake kwenye kichochoro nyuma ya shule ana haki ile ile, ya Katiba ile ile.

Jambo la pili ni la dini, na nalisema mapema ili lisituzuie njiani. Hatukuja hapa kuhalalisha lolote. Suratul Israi, aya ya 32, imetukataza hata kuikurubia zinaa, sembuse kuifanya. Hilo halina mjadala na hakuna anayelijadili. Lakini hebu niwaulize. Mtu amelewa, amevuka barabara vibaya, amegongwa na matatu. Mtamsomea hukumu ya pombe pale pale kwenye lami, ama mtamkimbiza hospitali kwanza? Mtamkimbiza hospitali. Pombe mtaizungumza baadaye, akiwa hai. Basi na huyu binti ni vivyo hivyo. Kosa lake ni baina yake na Mola wake, na ni kazi yetu kumlea. Dhuluma anayofanyiwa ni kitu kingine, na kosa lake halimpi mtu yeyote leseni ya kumdhulumu.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Wengi wetu tukisikia dhuluma katika mapenzi twafikiria ngumi. Jicho jeusi, nguo iliyochanika. Ngumi huja, lakini mara nyingi haiji ya kwanza. Kabla ya ngumi kuna simu.

Tuseme kuna binti wa miaka 16, kidato cha pili. Simchori mtu yeyote aliye hapa, ni mfano tu, lakini mtaniambia kama hamumjui. Amepata mvulana. Mwezi wa kwanza ni asali. Anatumiwa kredo, anatumiwa bando, anaambiwa hakuna kama yeye Mombasa nzima. Mwezi wa pili mvulana aanza kuuliza: uko wapi? Uko na nani? Nitumie picha nione. Simu ikiita mara mbili haijashikwa, ya tatu inakuja na matusi. Halafu ataka nywila ya simu yake. Halafu yule rafiki yake wa tangu chekechea hafai, ni mshawishi mbaya, aachane naye. Halafu binamu yake wa kiume asionekane akisalimiana naye. Halafu buibui hii yakubana, ile rangi ya mdomo waivalia nani?

Na yule binti, maskini, afikiria nini? Afikiria anapendwa. Awaambia wenzake, "Ana wivu huyo, ananipenda sana." Na wenzake wanamuonea raha.

Vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Ghera iko katika dini yetu, lakini ghera ni kumlinda mtu na heshima yake. Kumfunga mtu kamba shingoni hakuitwi ghera. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya na imekataza kupelelezana. Sasa huyu anayelala na simu ya mwenzake akisoma ujumbe mmoja mmoja, amepata wapi ruhusa? Hata mke wake si yeye. Amejipa cheo cha mume bila mahari, bila wali, bila mashahidi, bila jukumu hata la kilo moja ya unga. Haki za mume azitaka zote, na zile ambazo hata mume hana, nazo azitaka.

Hizi ndizo dalili za mwanzo. Kukutenga na watu wako. Kukupeleleza. Kukutukana kisha akasema alikuwa anacheza. Kukutisha kwamba ukimuacha atajiua, ili roho yake iwe mzigo wako. Kuvunja simu yako kisha kukununulia nyingine. Na ile samahani ya machozi na zawadi, inayofuatwa na wiki mbili za amani, kisha mambo yanarudi pale pale, na kila yakirudi yanarudi na zaidi. Kofi la kwanza likija, mlango ulishafungwa zamani. Hana rafiki wa kumwambia, maana marafiki walishaondolewa mmoja mmoja.

Na kuna dalili moja ambayo nataka kila mzazi aishike. Akikukaba shingo, hata mara moja, hata kama hakuna alama iliyobaki, hiyo si hasira ya kawaida. Wanaofanya kazi ya kuwasaidia waathiriwa wanaihesabu kuwa miongoni mwa dalili kubwa kwamba mtu huyu anaweza kuja kuua. Msiisikie mkaipita.

Mtu atasema, ustadh unatia chumvi, hawa ni watoto. Ndugu zangu, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa au kuumizwa kimwili tangu walipofika miaka 15. Hesabuni. Katika kila wanawake watatu waliokaa safu hiyo, mmoja. Tarehe 27 Januari 2024 watu waliandamana Nairobi, hapa Mombasa na miji mingine kwa sababu ya wanawake waliokuwa wanauawa, na mara nyingi anayetajwa ni mume au mpenzi. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten mwezi wa Oktoba 2021. Alikuwa na miaka 25. Mbio zake, medali zake na jina lake havikumkinga. Sasa binti wa kidato cha pili, asiye na medali wala jina, atakingwa na nini?

Atakingwa na nyumba yake. Na hapa ndipo nilipotaka tufike, na hili ndilo neno langu la leo. Mengine yote mkiyasahau, shikeni hili.

Huyu binti anamuogopa yule mvulana. Lakini mara nyingi kuna watu anaowaogopa zaidi. Anatuogopa sisi.

Fikirieni. Amepigwa Jumanne jioni. Akirudi nyumbani ana njia mbili. Akisema, baba atauliza, "Ulikuwa unafanya nini naye?" Kaka atachukua mkanda. Mama atalia kwamba ameaibishwa mtaa mzima. Atatolewa shule, ama ataozwa haraka haraka. Asiposema, atajifunika mtandio vizuri, atasema alianguka kwenye ngazi, na Jumatano yule mvulana atamuomba msamaha. Nyinyi mngekuwa miaka 16, mngechagua ipi?

Na mvulana analijua hilo. Tena alijua vizuri mno. Ndiyo maana maneno yake makubwa hayawi "nitakupiga". Maneno yake makubwa ni "nitamwambia babako". "Nitatuma zile picha kwenye grupu la familia yenu." Yeye hahitaji panga. Amechukua ukali wetu sisi wazazi akaugeuza kuwa panga lake. Siri ndiyo silaha yake, na sisi ndio tunaomnolea.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wazee walisema, na hawakusema kwa maradhi ya tumbo peke yake.

Kwa hivyo mzazi, swali la kujiuliza leo usiku si kama binti yako ana mtu ama hana. Jiulize: akipata matatizo saa nane usiku, nambari ya kwanza atakayopiga ni yangu? Kama jibu lako ni hapana, anza hapo.

Utaanzaje? Wazee wetu wa Pwani hawakuwa wajinga. Msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, mama mtu mzima asiye mama yake mzazi, aliyemfunda na aliyeweza kuulizwa lile ambalo halisemeki kwa mama. Siri ya mwari ilikuwa salama kwa somo. Leo somo wa wengi ni simu, na simu hufunda bila kupenda. Basi mpe mtoto wako somo. Shangazi, mama mdogo, ustadha wa madrasa, jirani mwenye busara na mdomo mzito. Na kijana wa kiume naye mpe mjomba ama ami wa kuzungumza naye. Mwambieni waziwazi: lolote likikufika, hata kama ni la aibu, nenda kwa huyu, na hatutakupiga kwa kusema ukweli. Kisha siku hiyo ikija, mtimize ahadi.

Na siku ile akija akakwambia, maneno yako ya kwanza ndiyo yatakayoamua kama atakuja tena. Usianze na "si nilikwambia". Usianze na "nani mwingine ajua". Mwambie, "Pole, mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Umeumia wapi?" Maneno hayo yatosha. Nasaha za dini zipo, toba ipo, mlango wa Mwenyezi Mungu hauna komeo. Lakini hayo ni ya kesho na kesho kutwa, akishalala usiku mmoja bila hofu.

Mzazi mwingine ataniuliza, sasa mimi nisishike simu ya mtoto wangu? Mzazi ni mchunga, na mchunga ataulizwa juu ya alichochunga. Mtoto mdogo ana haja ya kuangaliwa. Lakini tofautisha kumwangalia na kumvizia. Ukimvizia, atanunua laini ya pili, atajifunza kufuta, na utakuwa umemfundisha kwamba anayekupenda hukupeleleza. Kisha atakapompata mvulana anayempeleleza, hatashangaa. Atasema, hata baba alikuwa hivi.

Sasa niongee na mambo yenyewe ya hatari, maana huenda yuko mtu hapa ambaye yamemfika leo.

Kama kumetokea dhuluma ya kingono, saa ni mali. Usioge, usifue nguo. Nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki huharibu ushahidi. Nenda hospitali kabla ya saa 72, yaani siku tatu, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya siku hizo tatu hazitolewi tena. Na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Hapa Mombasa hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Hospitali yaweza kukutibu kabla hujafika polisi. Usiambiwe lete kwanza barua ya kituo ndipo ushughulikiwe, matibabu ndiyo ya kwanza. Kisha kituoni uombe dawati la jinsia, ripoti iandikwe kwenye kitabu, upewe nambari ya OB, na upewe fomu ya P3.

Kama ni picha. Binti ama kijana alituma picha asiyofaa kutuma, na sasa anatishwa. Kwanza, usilipe. Ukilipa elfu moja leo, kesho ni elfu tatu. Pili, usifute mazungumzo. Hifadhi ujumbe, nambari, tarehe. Tatu, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, maana nguvu yote ya tishio iko kwenye siri, na siri ikishakwisha, tishio nalo limepungua nusu. Sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha za siri za mtu, kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 ama kifungo kisichozidi miaka miwili, ama vyote viwili. Na picha ikiwa ni ya mtoto chini ya miaka 18, hilo ni kosa jingine, zito zaidi kuliko hilo. Na wewe uliyeletewa kwenye grupu ukaipeleka grupu jingine ukisema "hebu oneni mambo", usidhani uko nje ya sheria. Wala uko nje ya hesabu ya Akhera, kwa kufichua aibu ya mwenzako.

Kama ni vitisho na kufuatwafuatwa, kuna sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015. Jina lake linawafanya watu wadhani ni ya walioolewa peke yao. Sivyo. Sheria hiyo imetaja pia uchumba na uhusiano wa karibu baina ya watu. Na ukatili uliotajwa humo si kupigwa tu. Umo utukanaji, kutishwa, kufuatwafuatwa, kuumizwa kiakili. Mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi kwamba mtu huyu asikusogelee.

Na kama binti ataka kuachana naye, tafadhali, asiende peke yake kwa yale "mazungumzo ya mwisho". Wakati wa kuachana ndio wakati wa hatari kubwa. Aseme kwa simu, ama akiwa na mtu mzima. Nyumbani wajue, mwalimu anayeaminika ajue, njia ya kwenda na kurudi shule ibadilishwe kwa wiki kadhaa, asitembee peke yake jioni.

Ndugu zangu, sasa niguse penye kidonda. Maslaha.

Suluhu ni jambo tukufu katika Uislamu. Lakini tunalofanya na watoto wetu mara nyingine si suluhu. Binti wa miaka 15 amedhulumiwa. Wazee wanakaa barazani, kahawa inapita, kashata zinapita, baba wa mvulana atoa elfu thelathini, mikono yapeanwa, Fatiha yasomwa. Na binti yuko wapi? Yuko jikoni. Hakuna aliyemuuliza. Heshima ya familia mbili imetibiwa kwa mwili wa mtoto mmoja.

Kisheria, kikao hicho hakina nguvu. Sheria ya makosa ya ngono ya mwaka 2006 yasema mtoto chini ya miaka 18 hana ridhaa. Adhabu ya anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Na kesi ikishafunguliwa, si baba, si chifu, si mzee wa mtaa wala imamu anayeweza kuifuta. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hata mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, imepewa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Jinai haimo.

Ama kumuoza kwa yule yule aliyempiga ili "kufunika kombe". Sheria ya ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18. Na turudi kwenye mafunzo yetu wenyewe: Bukhari amepokea kisa cha Khansaa bint Khidam, aliyeozwa na baba yake bila kuridhia. Alimwendea Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, na ndoa ile ikarudishwa. Khansaa alikuwa mwanamke mtu mzima, aliyewahi kuolewa. Ikiwa yeye alisikilizwa, vipi mtoto asisikilizwe? Anayempiga msichana akiwa bado anamtafuta, akishampata ndani ya nyumba yenye kufuli atamfanyaje?

Vijana wa kiume, sikuwasahau. Najua maskani mnaambiwa kwamba mwanamume asiyemdhibiti mwanamke wake si mwanamume. Bi Aisha, radhiya Llahu anha, amesimulia kwamba Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Nani mwanamume zaidi yake? Huyo mzee wa maskani mwenye mdomo uliojaa muguka?

Na wewe uliye na rafiki anayempiga msichana, wajua, na umenyamaza. Mtume alitufundisha kumnusuru ndugu yetu akidhulumiwa na akidhulumu. Maswahaba wakauliza, anayedhulumu tutamnusuru vipi? Jibu lilikuwa: kumzuia mkono wake. Basi mzuie. Usimcheke akijisifu. Mwambie mbele ya wenzake kwamba hilo ni ufala. Neno lako kwake lina uzito kuliko hotuba yangu, maana mimi nitaondoka hapa saa kumi na moja na wewe utakaa naye mpaka usiku wa manane.

Tena kijana wa miaka 19, kaa ukijua. Ukiwa na msichana wa miaka 16, hata aseme yeye mwenyewe alikubali, mbele ya sheria hakukubali. Usiharibu maisha yake, usiharibu yako. Na wale wanaume wa miaka 28, 30, wenye tuktuk na vibanda vya M-Pesa, wanaojiita "wapenzi" wa watoto wa shule: hayo hayaitwi mapenzi. Huo ni unajisi, na wazazi wasikubali jina jingine.

Wako pia wavulana wanaodhulumiwa. Anatukanwa, anapigwa, anatishwa kwa picha, na akisema anachekwa. Yeye naye ana haki ile ile ya kifungu cha 29. Tusimcheke.

Maustadh, kwenu nina ombi moja dogo. Kila madrasa iwe na ustadha mmoja anayejulikana na mabinti kwamba huyu husikiliza na hatangazi. Na kwenye khutba, mnapokemea zinaa, na mzidi kukemea, ongezeni sentensi moja tu: "Na aliyefanyiwa dhuluma aje, hatutamfukuza." Sentensi hiyo yaweza kuokoa roho ya mtu aliyekaa upande wa akina mama akiwa amejifunika shingo.

Nambari za kushika. 116 ni ya watoto, ni ya bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, nayo ni ya bure. Polisi ni 999 ama 112. Ziandikeni kwenye mlango wa jokofu, ziandikeni nyuma ya msala, popote mtoto atakapoziona bila kuomba ruhusa. Na ofisi yetu iko wazi kwa anayehitaji kusindikizwa kituoni ama mahakamani. Mara nyingi mtu hashindwi na sheria, hushindwa na kuingia kituo cha polisi peke yake.

Nimalizie hapa, muda wa Alasiri umekaribia. Mkirudi nyumbani leo, msiwaite watoto mkawahutubia. Keti naye tu. Kunyweni chai. Muulize habari za marafiki zake, na akijibu, sikiliza mpaka mwisho bila kukata maneno. Kesho fanya tena.

Ya Rabbi, walinde watoto wetu na kila dhalimu, na utulinde sisi tusiwe sababu ya wao kunyamaza. Wape wagonjwa wetu shifaa, na waliotangulia kwa mikono ya madhalimu uwarehemu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.